Mama Kifungu na Muswada wa Ishirini

Kila baada ya miezi mitatu Mama Kifungu alikuwa anakufa siku moja, halafu anarudi kazini. Sisi wafanyakazi wa bunge tulishazoea. Ukimwona alasiri anasuuza thermosi yake ya chai na kuipangusa meza mpaka pembeni, unajua kesho anakufa.

"Mama, safari ni kesho?"

"Kesho, baba. Tukijaliwa tutaonana keshokutwa."

Tunacheka, kila mtu anashika njia yake.

Ngoja nieleze, maana mtu wa nje atadhani nimerukwa na akili. Mama huyu alikuwa karani wa muda. Mkataba wa karani wa muda ni miezi mitatu, na taratibu zinasema mtu akifanya kazi mfululizo kupita hapo, lazima apewe barua ya ajira. Wakubwa wetu, ambao kwa kukwepa hawajambo, wakabuni kitu kinaitwa siku ya mkatiko. Mkataba unaisha leo, kesho unakaa nyumbani, keshokutwa unaanza mkataba mpya kama mtu ambaye hajawahi kuliona jengo. Siku hiyo ya katikati huna kazi, huna ufunguo, huna kitambulisho. Ndiyo sisi tuliyoiita kufa. Mama Kifungu alikuwa amekufa mara sabini na tano. Miaka kumi na tisa yuko pale, na ukifungua faili lake unakuta ana uzoefu wa miezi mitatu.

Mimi ni wa chumba cha fotokopi na kufunga majalada, mwisho wa korido ile ile. Nilikuja miaka miwili baada yake, na barua yangu ya ajira ya kudumu aliichapa yeye. Aliniletea mwenyewe, ameishika kwa mikono miwili, akanipongeza, akaniambia kulikuwa na kosa kwenye tarehe lakini ameshalirekebisha. Nikikumbuka siku ile naona haya mpaka leo.

Jina la Mama Kifungu alilipata kwa sababu vifungu vya sheria alikuwa navyo mdomoni muda wote. Mumewe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno mengi na mikono yenye mafuta, alikuwa akisema, "Wenzangu wameoa wanawake, mimi nimeoa katiba. Nikichelewa kurudi nasomewa kifungu kidogo cha pili." Lakini alikuwa anajivuna naye. Kila mkataba ulipoisha alimuuliza swali moja tu: "Barua bado?" Na yeye alijibu, "Bado, baba watoto." Hawakuwa wanaongeza neno.

Barua hiyo ndiyo ilikuwa kiu yake. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Akitimiza sitini, hata ukimpenda namna gani humwajiri. Angeondoka pale bila cheti wala karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba alipata kufanya kazi mahali.

Sasa nije kwa Mheshimiwa aliyemtumikia. Tulimwita Mheshimiwa Naunga, kwa sababu maneno aliyoyasema mara nyingi zaidi maishani mwake, kuliko hata jina la mkewe, ni "naunga mkono". Na hakuwa mtu mbaya. Alisalimia wafagizi, alikumbuka nani anaumwa. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: tuzo.

Kuna jumuiya moja ya watu wenye suti nzuri ambao kila kikao cha mwaka kikielekea ukingoni humpa zawadi mbunge aliyefanya kazi kuliko wenzake. Kazi wanaipima kwa miswada. Ukidhamini muswada, yaani ukiuleta kwa jina lako, alama tano. Ukiunga mkono wa mwenzako, alama moja. Muswada ukipita, alama ni zile zile. Ukitupwa, zile zile. Ukiwa wa kipuuzi, zile zile. Unaweza kukisia kilichotokea.

Wabunge waliacha kusoma, wakabaki kusaini. Kila muswada unahitaji saini kumi za wanaouunga mkono, basi ikawa nisainie nikusainie. Kwenye mgahawa wa bunge fomu zilizunguka mezani pamoja na sukari. Mheshimiwa Naunga alikuwa na kalamu mbili, moja ikichoka anashika nyingine. Asubuhi moja aliunga mkono muswada wa kupiga marufuku viti vya plastiki kwenye mikutano ya hadhara. Mchana wa siku ile ile akaunga mkono muswada wa kuvilinda viwanda vya viti vya plastiki. Mama Kifungu alimpelekea fomu zote mbili, ameziweka sambamba juu ya meza.

"Mheshimiwa, hii inavifuta, hii inaviongeza."

"Mama, wapo wananchi wanaokaa kwenye viti, na wapo wanaovitengeneza. Mimi nawakilisha wote." Akamrudishia huku anatabasamu.

Miswada yake mwenyewe ilizaliwa popote. Akinyolewa vibaya, muswada wa kudhibiti vinyozi. Shemeji yake akijikwaa kwenye ngazi, muswada wa urefu wa ngazi. Wazo aliliandika nyuma ya bahasha, au kwenye tishu ya mgahawa, akalitupa mezani kwa Mama Kifungu: "Nipe vifungu hapo." Na yeye, Mungu anisamehe lakini ni kweli, alizitengeneza zile takataka zikawa na heshima. Tishu yenye maneno sita ilitoka kwenye printa ikiwa na sehemu tatu, vifungu kumi na vinne na jedwali. Mimi ndiye niliyetoa nakala. Nilikuwa nazisoma nikisubiri mashine ipoe, na nilijisemea kimoyomoyo kwamba huyu mama angepewa jambo la maana, nchi ingenyooka.

Mheshimiwa alikuwa hasomi kabisa, na siku moja hilo lilimuumbua mbele ya watu. Muswada wa vinyozi uliitwa usomwe. Yeye alikuwa ameingia mbio mbio kutoka nje, akadhani ni wa mpinzani wake. Akasimama, akatunisha kifua. "Mheshimiwa Spika, muswada huu umeandikwa na mtu asiyejua maisha ya mwananchi wa kawaida! Mtu mwenye akili za kuazima! Tangu lini serikali ikaingia kwenye nywele za watu?" Wenzake wakapiga meza. Aliendelea dakika saba nzima. Spika akamsubiri amalize, akavua miwani, akasema, "Mheshimiwa, muswada ni wako." Ukumbi uliangua kicheko. Yeye hata hakubabaika. Alikohoa kidogo, akasema, "Ndiyo, na kwa sababu hizo zote, naunga mkono."

Alipata alama zake tano.

Wiki ya mwisho ya kupokea miswada ikafika. Mheshimiwa Naunga alikuwa na miswada kumi na tisa. Na mbunge mmoja mrefu anayekaa kona ya kushoto naye alikuwa na kumi na tisa. Saini za kuunga mkono nazo, sitini na moja kwa sitini na moja. Nilikuwepo siku hiyo, nimeleta nakala, Mheshimiwa anazunguka ofisini kama aliyepoteza funguo. Alikuwa ameshamaliza mashemeji wote.

"Mama, huna chochote huko kwenye droo? Chochote kile. Hata kama ni cha zamani."

Mama Kifungu alisogeza kiti nyuma. Kisha akavuta droo ya chini kabisa, akanyanyua gazeti lililotandikwa, akatoa kurasa nne zilizobanwa kwa pini. Pini ilikuwa imeshika kutu. Niligeuka kutazama dirishani, kwa sababu nilizijua zile kurasa. Miaka tisa alikuwa akiziandika na kuziandika upya wakati wa chai. Kichwa chake kilisema: Muswada wa Kufuta Siku ya Mkatiko. Vifungu vitano tu. Kifungu cha tatu kilisema kwamba mtu aliyefanya kazi ile ile, mahali pale pale, kwa miaka miwili, mkatiko usihesabiwe, naye apewe barua yake.

"Huu hapa, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akageuza moja kwa moja hadi ukurasa wa mwisho, akasaini. "Mama, wewe ni mboni ya jicho langu. Ishirini!" Akatoka anapiga mluzi. Kabla ya saa sita saini kumi zilikuwa tayari, maana huko mgahawani nako hakuna aliyesoma.

Jioni hiyo Mama Kifungu alikuja chumbani kwangu, akakaa juu ya boksi la karatasi. "Umeingia," aliniambia. "Nimeupeleka mwenyewe, wamegonga muhuri." Sijawahi kumwona amefurahi vile. Alisema hatamwambia mumewe mpaka upite. Nilimwambia nitaufunga kwa jalada la kijani, gumu, lile tunalolitumia kwa sheria zilizokwisha kupita tu. Miswada ya kawaida tunaibana kwa pini mbili, basi. Akacheka, akaniambia nisiwahi mambo.

Ratiba ikatoka. Muswada wa ishirini usomwe Jumatano, saa tano asubuhi. Mama Kifungu akaishika ile karatasi, akaitazama, akakaa chini. Mkataba wake ulikuwa unaisha Jumanne. Siku ya kusomwa muswada wa kufuta siku ya mkatiko ilikuwa siku yake ya mkatiko.

Kuna kanuni hapa ambayo usipoijua huwezi kuelewa kilichompata. Muswada wa mbunge ukiitwa, mwenyewe, au mbunge mwenzake aliyemwandikia barua, lazima awe ukumbini, asimame, aseme anaomba usomwe. Spika anaita mara tatu. Asiposimama mtu, muswada umeanguka, na hauwezi kurudi mpaka kikao cha mwaka unaofuata. Mwaka unaofuata Mama Kifungu angekuwa na sitini.

Jumanne alifanya kila ambalo mtu anaweza kufanya. Aliandika kwenye shajara ya Mheshimiwa kwa wino mwekundu. Alibandika karatasi kwenye simu ya mezani. Akachapa na barua ya kumruhusu mbunge mwingine asimame kwa niaba, juu ya karatasi ambayo Mheshimiwa aliisaini ikiwa tupu. Alikuwa na rundo la karatasi za namna hiyo, Mheshimiwa alizisaini kwa dazeni. Akaiweka droo ya juu, iwapo lolote litatokea. Kisha akamsimamia Mheshimiwa mlangoni.

"Kesho saa tano, Mheshimiwa. Muswada wa ishirini."

"Utanikumbusha, mama."

"Kesho sipo. Ni siku yangu ya kufa."

Akacheka kwa sauti. "Mama kwa utani! Usijali, nitakuwepo. Nakula yamini." Na nadhani alimaanisha. Saa tisa na nusu Mama Kifungu akarudisha ufunguo wa ofisi kwa mlinzi, kama taratibu zinavyotaka.

Jumatano asubuhi alikuja na gauni lake la harusi za watu, la bluu, na mkoba mpya. Pale mlangoni mlinzi, ambaye amenywa chai ya thermosi ile miaka nenda rudi, akamsogezea daftari la wageni. Kwenye safu ya kazi Mama akaandika "karani". Mlinzi akakuna kichwa. "Mama, samahani. Leo siyo." Mama akalikata neno lile kwa mstari mmoja, akaandika "hakuna", akavaa kadi ya mgeni shingoni, akapanda jukwaa la wageni. Alikaa mstari wa mbele, mkoba juu ya magoti.

Mimi niliiba muda, nikasimama kwenye mlango wa jukwaa. Saa tano kasoro dakika kumi kiti cha Mheshimiwa Naunga kilikuwa kitupu. Nikamwona Mama anatoa simu, anaiweka sikioni, anaishusha, anaiweka tena. Akageuka akaniona. Nikamsogelea.

"Imezimwa," aliniambia. "Nimempata dereva wake. Wako hotelini. Ile tuzo ilikuwa ya Ijumaa, mgeni rasmi kabadilisha safari, wameitoa leo. Wamempigia asubuhi." Akanishika mkono. "Barua iko droo ya juu, baba. Mpe yeyote asimame. Kimbia."

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu na tumbo langu, nilishuka ngazi zile mbili mbili. Nikamwambia mlinzi anipe ufunguo wa ofisi ya Mheshimiwa.

"Ufunguo anachukua karani wa ofisi."

"Karani yuko juu, jukwaani!"

"Yule leo mgeni." Akanionyesha daftari, kwa kidole, pale palipoandikwa "hakuna". "Mimi ningempa nani? Kesho akifufuka aje achukue." Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anafuata taratibu, na taratibu nilizifahamu, nimezitolea fotokopi mwenyewe. Nilimtukana tusi ambalo nililazimika kuja kumwomba radhi baadaye. Kisha nikapanda ngazi mikono mitupu.

Nilifika mlangoni Spika akiwa ameshaita mara moja. "Muswada wa Kufuta Siku ya Mkatiko. Mdhamini." Hakuna aliyesimama. Mbunge mmoja alikuwa anamenya pipi. Wale kumi walioweka saini wote walikuwepo, nimewahesabu, na hakuna hata mmoja aliyestuka, kwa sababu walikuwa hawajui kama huo muswada ni wao. "Mdhamini, kwa mara ya pili."

Spika alipofungua mdomo mara ya tatu, Mama Kifungu akasimama.

Alisimama tu. Hakusema neno, maana mgeni haruhusiwi kusema. Mkoba ukamwangukia miguuni. Alisimama kama mdhamini anavyotakiwa kusimama, mikono imenyooka, anamtazama Spika usoni. Spika hakumwona, huko juu hawatazamagi. Mhudumu wa jukwaa akaja kwa kunyata, akamgusa bega. "Kaa chini, mama." Akakaa. Spika akasema muswada umeanguka, akaita unaofuata, ule wa urefu wa ngazi, ambao mdhamini wake pia hakuwepo.

Sikuweza kumfuata. Nilirudi kwenye mashine yangu, nikafunga mlango, nikalia. Sioni sababu ya kuficha.

Alhamisi alirudi, mkataba wa sabini na saba. Nilikuwa ofisini kwao nimeleta karatasi pale Mheshimiwa alipoingia, amebeba kikombe cha tuzo kirefu kama mtoto wa shule ya awali, na picha yake ikiwa ukurasa wa mbele wa gazeti. Mbunge wa Miswada Ishirini. Akakiweka juu ya meza ya Mama Kifungu.

"Mama, jana ulikuwa wapi? Nilikutafuta uniandikie hotuba ya shukrani. Nimeaibika, nimesoma ya mwaka jana."

"Jana sikuwa mfanyakazi, Mheshimiwa. Ilikuwa siku ya mkatiko."

"Mkatiko ndio kitu gani?"

Akamweleza. Miaka kumi na tisa, na ilikuwa mara ya kwanza mtu mkubwa kumsikiliza mpaka mwisho. Mheshimiwa alivuta kiti, akakaa. Uso ulimbadilika, na nasema kweli, machozi yalimlengalenga. "Hapa ndani? Kwenye nyumba inayotunga sheria? Huu ni unyama, mama! Siwezi kukubali. Tuutungie muswada. Andika sasa hivi, uwe wa kwanza mwakani!"

Mama Kifungu akavuta droo ya chini, akampa zile kurasa nne, zilizorudishwa asubuhi hiyo na muhuri juu yake. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, Mheshimiwa Naunga alisoma muswada. Alisoma midomo ikicheza, kifungu hadi kifungu, na kwenye cha tatu alitikisa kichwa kwa kustaajabu. "Mzuri kabisa. Hapa hakuna cha kuongeza. Kauandika nani?" Hakusubiri jibu. Alikuwa ameshafika ukurasa wa mwisho, na mkono ukatoa kalamu wenyewe. Saini yake ya kwanza ilikuwepo pale. Akatia ya pili chini yake, akampigapiga Mama begani, akaenda kuwaonyesha wenzake kikombe.

Mama alikihamisha kile kikombe sakafuni ili apate mahali pa kuandikia. Baadaye, karibu na muda wa kutoka, alikuja na zile kurasa. "Nitolee nakala moja tu."

"Ya faili?"

"Yangu. Niwe na cha kuwaonyesha nyumbani. Wajue nilikuwa nafanya kazi gani."

Nilitoa nakala kwenye karatasi nzito. Kisha nikafungua kabati, nikachukua jalada la kijani, lile gumu, nikaufunga muswada ule ulioanguka kama sheria ya nchi, kwa uzi na gundi. Ni kosa la kufukuzwa kazi, na mimi, tofauti na yeye, nina kazi ya kufukuzwa. Nikaenda naye mpaka kwake, maana niliona nisimwache peke yake.

Mumewe alikuwa ndio ameingia. Alinawa mikono mara mbili kabla ya kulishika lile jalada. Alikaa chini ya taa, akasoma kurasa zote nne polepole, kidole chake kikifuata mistari. Alipomaliza alilifunga, akalipapasa lile jalada, akamtazama mkewe kwa macho ambayo sijui niseme vipi.

"Haya mama, hongera. Sasa hii inaanza lini?"

Mimi nilitazama viatu vyangu. Mama Kifungu alilichukua jalada, akaliweka juu ya jokofu, mbali na maji.

"Kula kwanza, baba watoto," alimwambia. "Chakula kinapoa."